Silaha Haina Mzaha: Jawabu kwa Aliyeuliza Khabari za Viwanja vya Shabaha

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiharimisha damu ya mwanaadamu isipokuwa kwa haki. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, aliniletea barua kijana mmoja katika wana wetu wa mwambao, aliyesoma kwetu chuoni tangu alifu hatta akakhitimu, na sasa akaa Marekani kwa kazi yake. Asema ya kwamba katika nchi ile viko viwanja vya kupigia shabaha vilivyo wazi kwa watu wote. Mtu hulipa ada, akakodi bunduki au bastola, akanunua risasi, akasimama mstarini pamoja na watu asiowajua wala wasiomjua, akapiga. Siku moja ya mapumziko alikwenda yeye na wenziwe. Alipokwisha kupiga mara mbili tatu, mwenziwe akamwita kwa nyuma ampige picha. Akageuka akicheka, bastola i mkononi na kidole ki juu ya kifyatulio, na mdomo wa bastola ukapita vifuani mwa watu wanne watano waliokuwa nyuma ya mstari. Wengine wakainama, mzee mmoja akajitupa chini, na msimamizi akamkamata mkono, akamtoa nje. Bastola haikulia. Kijana auliza: "Maalim, hakuna aliyeumia, wala sikukusudia ubaya. Je, nina dhambi?"

Nami naungama mbele yenu kwamba nilimjibu siku ile ile, kwa haraka. Nilimwandikia ya kuwa maadam hakuna aliyedhurika wala yeye hakukusudia, hapana neno. Amshukuru Mungu wake, asirudie. Usiku nilipofungua vitabu nikaona jawabu langu si sawa. Nikamwandikia tena kumwambia kwamba mimi nimekosa. Na kwa kuwa barua ya kwanza ilikuwa imekwisha kusomwa na wenziwe, nimeona ni wajibu wangu kuyaeleza haya kwa chapa, lisije kosa langu likawa hoja ya mtu. Neno la mwalimu nalo, likitoka bila ya kutazamwa liendako, huweza kudhuru.

Kwanza, asidhani mtu ya kuwa nataka kukataza kulenga shabaha. La! Jambo hili katika dini yetu ni katika mambo yenye kusifiwa. Uqba bin Amir amepokea ya kwamba Bwana Mtume (s.a.w.), naye yu juu ya mimbari, alifasiri kuwa nguvu tulizoamrishwa kuziweka tayari ni kule kutupa kwa shabaha. Na Salama bin Akwaa amepokea kwamba Mtume aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawatia moyo, akawakumbusha kuwa mzee wao Ismaili alikuwa mtupaji. Imamu wetu Shafi mwenyewe yapokewa kwamba ujanani mwake alikuwa hodari wa mishale, hatta katika kumi hakosi. Na vitabu vya madhehebu yetu vina mlango mzima wa mashindano ya farasi na ya kulenga. Basi mwenye kujifunza kulenga hana lawama. Lawama ni ya mwenye kuishika silaha kama ashikavyo kifimbo cha kutembelea.

Sasa tutazame makatazo yenyewe. Abu Hureira amepokea ya kwamba Bwana Mtume amemkataza mtu asimwelekezee nduguye silaha, kwani hajui, huenda Shetani akauponyosha mkono wake, naye akaangukia katika shimo la moto. Na katika riwaya nyingine ni kwamba mwenye kumwelekezea nduguye chuma, malaika humlaani mpaka aache, ijapokuwa ni nduguye wa baba mmoja na mama mmoja. Na Abu Musa al-Ashari amepokea kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale, ameamrishwa aishike vyembe vyake kwa mkono, asije akamkwaruza Mwislamu. Na Jabir amepokea kwamba imekatazwa mtu kumpa mwenziwe upanga uliochomolewa alani.

Zingatia, ewe ndugu yangu msomaji, makatazo haya yamefungamana na nini. Hayakufungamana na jeraha. Hayakufungamana na damu. Yamefungamana na kule kuelekeza. Malaika hawangoji risasi itoke ndipo walaani; hulaani tangu chuma kielekezwapo mpaka kiondolewe. Na kutajwa ndugu wa baba na mama ni dalili iliyo wazi kwamba nia njema haimwokoi mtu. Kwani ni nani atakayedhaniwa kumtakia mabaya nduguye wa tumbo moja? Mzaha umekatazwa, na mapenzi yamekatazwa, seuze uzembe mbele ya wageni.

Basi hapa ndipo nilipokosea mimi. Niliupima wema na ubaya wa tendo kwa mwisho wake, na sheria yaupima tangu mwanzo wake. Risasi ile haikutoka kwa fadhila ya Mungu. Na fadhila ya Mungu haiwi hoja ya mja.

Atasema msemaji: "Lakini silaha haikuwa na kitu." Neno hili limekwisha kuua watu wengi. Bastola za siku hizi hulishwa risasi kwa kisanduku kiingizwacho katika mpini. Mtu hukitoa kile kisanduku, akaiona bastola nyepesi, akadhani i tupu. Na hali risasi moja imekwisha kupanda, imekaa ndani ya mtutu, yangoja kidole. Na bunduki ikikataa kulia, mjinga huigeuza akachungulia mdomoni kuna nini, na hali baruti huenda ikachelewa kisha ikawaka. Mwenye kujua huuacha mdomo umeelekea kwenye shabaha nusu dakika nzima, ndipo akaifungua.

Jeff Cooper, aliyekuwa askari wa majini wa Marekani, na ambaye katika mwaka 1976 alifungua chuo cha kufundisha silaha katika jimbo la Arizona, alikusanya mafundisho yake katika mambo manne: kila silaha uihesabu kuwa ina risasi, usiuelekeze mdomo wake kwa kitu ambacho huko radhi kukiharibu, usitie kidole kwenye kifyatulio mpaka macho yako yawe juu ya shabaha, na uyakinishe shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mtu huyu alifariki mwaka 2006, wala hakuwa katika watu wa dini yetu. Tazama jinsi akili na tajiriba vilivyomleta karibu na mlango ambao Mtume wetu ametufungulia zaidi ya miaka 1,300 kabla yake! Basi ni aibu iliyoje kwa Mwislamu kufundishwa na wengine jambo alilolirithi, kisha akalikataa!

Na ili msidhani ya kuwa nasema maneno ya kutisha tu, nitakutajieni mambo matatu yaliyotokea katika nchi ile ile.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2008, mjini Westfield katika jimbo la Massachusetts, mtoto wa miaka 8 alipewa bunduki ndogo ya rashasha apige kwa furaha, na aliyewekwa kumsimamia alikuwa kijana wa miaka 15. Bunduki ile iliruka kwa nguvu zake, mdomo ukamrudia kichwani, akafa, na baba yake yupo. Mwezi wa Agosti mwaka 2014, katika jimbo la Arizona, mtoto mwanamke wa miaka 9 alipewa bunduki ya namna hiyo hiyo. Mwalimu alimpigisha risasi moja, kisha akaigeuza itoe mfululizo. Mikono ya mtoto haikuweza kuizuia, ikapanda na kugeuka, ikampiga mwalimu aliyesimama ubavuni, akafa. Na mwezi wa Julai mwaka 2016, mjini Sarasota katika jimbo la Florida, ganda la risasi lenye moto liligonga ukuta likamwingia baba mmoja nyuma ya shati. Akapeleka mkono ule ule ulioshika bastola ili alitoe. Bastola ikalia, ikampata mwanawe wa miaka 14, akafa.

Katika hawa hakuna adui. Hakuna mwizi, wala mwenye kisasi. Kuna baba, na mwalimu, na watoto waliokwenda kufurahi.

Najua watu wetu watasema: "Ajali haina kinga." Naam, ni neno la kweli likiwekwa mahali pake. Ajali ni ule muda aliouandika Mungu, na muda ukifika hauna wa kuuzuia. Walakini neno hili husemwa kwa kumliwaza aliyefiwa. Halisemwi kwa kumtakasa aliyezembea. Mtume alimwamuru Mbedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Basi mwenye kumwacha ngamia bila ya kamba, akapotea, asiseme ni kadari. Naye mwenye kutia kidole kifyatulioni kabla ya wakati wake ni kama huyo, isipokuwa kilichopotea hapa ni roho ya mtu.

Na sheria, je, yamwachaje aliyeua kwa kukosea? Vitabu vyetu vimegawanya kuua mafungu matatu: kusudi, mfano wa kusudi, na kukosea. Na katika kukosea hutoa mfano wa mtu aliyelenga mti, akampata mtu. Huyu hauawi kwa kisasi. Lakini haambiwi aende zake! Dia ya Mwislamu mwanamume ni ngamia 100, na hulipwa katika miaka mitatu na jamaa za muuaji upande wa baba, watu ambao hawakuwako kiwanjani wala hawakuishika silaha. Kisha iko juu yake mwenyewe kafara: kuacha huru mtumwa mwenye imani, na asiyepata, kama ilivyo zama hizi, ni kufunga miezi miwili mfululizo, na akila siku moja makusudi huanza upya. Lau kama "sikukusudia" lingetosha, miezi hii miwili ingekuwa ya nini?

Kumbukeni siku ya Uhud. Katika vurugu la vita Waislamu walimzunguka al-Yamani, baba yake Hudheifa, wasimjue. Hudheifa akapiga ukelele kuwa huyo ni baba yake, wasisikie, wakamuua kwa mikono ya ndugu zake. Hudheifa akawaombea msamaha, na dia ya babake aliyotaka Mtume kumlipa akaitoa sadaka kwa Waislamu. Hawa walikuwa vitani, mbele ya adui, vumbi limewaziba macho. Na bado damu ile ilihesabiwa kuwa ina haki yake. Je, atakuwa na udhuru gani aliyekuwa akitaka picha?

Basi enyi vijana wetu mwendao katika viwanja hivyo, yashikeni haya. Jifunzeni kabla ya kushika. Aliyesahau husamehewa, lakini asiyejifunza hawezi kusema kuwa amesahau. Mtiini msimamizi wa kiwanja, kwani mmeingia kwa sharti zake, na Waislamu hutimiza sharti zao. Akiita kusimamisha, toeni risasi, acheni silaha wazi juu ya meza, rudini nyuma, wala msiguse kitu mpaka waliokwenda kutazama shabaha zao warudi. Kwani wengi hupenda kurekebisha silaha zao wakati huo, na mbele yao wamesimama watu. Msimpe mtoto silaha ambayo mikono yake haiwezi kuizuia. Mtoto hana kalamu ya kumwandika, kalamu ni yenu. Na mkimwona mtu ageuka na silaha, msione haya kumwambia. Kumzuia nduguyo asidhulumu ndiko kumnusuru.

Nanyi mlio huku mwambao msiseme khabari hizi ni za mbali. Mwenye gobori la kufukuzia nguruwe shambani, na askari mwenye bunduki mlangoni pa tajiri, hukumu yao ni moja. Silaha iliyoegemezwa ukutani katika nyumba yenye watoto ni amana iliyotupwa.

Ama wewe, mwanangu uliyeniuliza, jawabu lako la haki ni hili. Kumwelekezea mtu silaha kwa uzembe ni kosa, na toba yake ni kuacha, na kujuta, na kuazimia kutorudi. Na kwa kuwa umewatisha watu, na kumtisha mtu ni kumdhulumu, liko sharti la nne: uwatake radhi, wawe Waislamu au wasiwe.

Alinijibu kwamba alirudi kiwanjani Jumamosi iliyofuata, akamtaka radhi msimamizi na kila aliyemkumbuka. Wote wakamsamehe. Yule mzee aliyejitupa chini hakumwona, na tangu siku hiyo hajarudi pale. Kijana huenda kila juma kumwulizia.

Ewe Mola, ihifadhi mikono yetu na damu za waja wako, na ndimi zetu na fatwa za haraka. Utusamehe tuliyoyajua na tuliyoyapuuza. Amin.

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.