Sifuri ni ya nani?

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa kama sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikashtuka. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena. Sifuri zikapungua bila mtoto hata mmoja kujifunza kitu cha ziada.

Hivi zile sifuri zilikuwa za nani?

Nauliza kwa sababu ya shule za kata. Kuanzia 2004, chini ya mpango wa MMES, zilijengwa kwa kasi, nyingi kwa michango na nguvu za wananchi, zikawapokea watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Sio jambo dogo hilo, na wanaozibeza (wengi wao wamesoma kwenye mabweni na maabara) hulisahau. Ila majengo yalitangulia, walimu wakafuata kwa kusuasua. Shule ndogo yenye mwalimu mmoja wa Hisabati, akienda likizo ya uzazi, Hisabati nayo inakwenda likizo. Mwisho wa yote mtoto anafanya mtihani uleule, siku ileile, na mwenzake wa seminari. Cheti kinaandikwa F kwa jina lake yeye. Hakuna panapoandikwa kwamba mwalimu hakuwepo.

Mtihani mwepesi kwa maskini siutaki. Hiyo ni dharau tu iliyovaa huruma. Kinachonisumbua zaidi ni yule mmoja anayefaulu. Kila mwaka hakosekani: kasomea koroboi, katembea kilomita kibao, kapata daraja la kwanza. Wanahabari tunamkimbilia. Sifa ni zake, kabisa. Lakini kesho yake anageuzwa fimbo ya kuwachapia wenzake: mbona yeye ameweza? Hatuulizi upande wa pili, kwa nini mtoto wa shule yenye kila kitu alipata daraja hilohilo bila kulazimika kuwa wa ajabu.

Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Wengi walishangilia. Mimi nusunusu, maana kuficha orodha hakumpeleki mwalimu popote. Ningependa itangazwe orodha nyingine: kila shule, na idadi ya walimu wa Hisabati waliokuwepo darasani mwaka mzima. Isomwe siku hiyohiyo ya matokeo, taratibu, jina kwa jina, na waziri akiwa amekaa mbele.