Je, Kulikuwa na "Kabla" ya Ulimwengu?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Muumba wa usiku na mchana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wapo miongoni mwetu wanaotoka kwenye mhadhara wa fizikia au falsafa wakiwa na swali wanaloona haya kulileta msikitini. Wamesikia kwamba wakati ulianza pamoja na ulimwengu. Basi kama hapakuwa na "kabla", Allah aliumba lini? Mwenye swali hili akiambiwa tu alete istighfari, hatauliza tena, na huenda safu ikapungukiwa na mtu mmoja kimyakimya. Bora ajibiwe.

Swali si geni. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alilijadili katika Tahafut al-Falasifa. Wanafalsafa aliowajibu walidai ulimwengu hauna mwanzo, kwa kuwa kila "kabla" inahitaji wakati. Yeye akasema wakati nao umeumbwa, kisha akaleta mfano wa mahali. Ukiulizwa nje ya ulimwengu wote kuna nini, fikra inachora uwazi mwingine, kwa sababu haijazoea kitu kisicho na kingine nyuma yake. Ndivyo inavyochora "kabla" nyuma ya mwanzo wa wakati. Hayo ni mazoea ya fikra, si dalili kwamba kitu hicho kipo. Tukisema Allah alikuwepo kabla ya ulimwengu, maana yake alikuwepo na ulimwengu haukuwepo. Hatumpangi kwenye foleni ya miaka.

Tazameni pia vipimo vyetu wenyewe. Saa za Uganda zinafuata longitudo ya nyuzi 45, inayopita mashariki kabisa ya Mombasa, na Kampala ipo kwenye nyuzi 32 na nusu hivi. Saa ya ukutani ikionyesha saa sita kamili mchana, jua bado halijafika katikati. Kwa wastani linachelewa dakika 50. Asiyeamini asimamishe fimbo uwanjani atazame kivuli. Ndiyo maana Adhuhuri yetu inaingia kati ya saa sita na nusu na saa saba hivi, kulingana na miezi. Swala inafuata jua, mhadhara unafuata makubaliano ya watu.

Wanasayansi waliacha jua wakaenda kwenye atomu: tangu 1967 sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa seziamu. Na tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga unakwenda katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Hata urefu wa meza unapimwa kwa wakati! Mafakihi wetu wasingeshangaa. Safari ya kupunguza swala waliipima kwa mwendo wa siku mbili wa ngamia wenye mizigo. Jua, ngamia, mwanga, atomu: kila unaposhika kipimo, umeshika kiumbe. Anayemuuliza Muumba "lini" anataka kumpima kwa rula aliyoiumba Yeye.

Hapo yupo atakayeruka: kama saa ni makubaliano, nikiswali sasa au jioni kuna tofauti gani? Katika Sahih Muslim, an-Nawwas bin Sam'an anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza siku ya kwanza ya Dajjal itakuwa kama mwaka. Masahaba hawakuuliza itawezekanaje. Waliuliza kama swala za siku moja zitatosha. Akawajibu hazitatosha, wakadirie. Alama imevurugika, faradhi imebaki. Kwa hadithi hiyo hiyo wanazuoni wamewaongoza Waislamu wa kaskazini ya Norwei, ambako majira ya joto jua halitui kwa wiki kadhaa.

Sisi tulio karibu na ikweta hatuna udhuru huo. Jua letu halichezi. Linalotusumbua ni kipindi cha maabara kinachoanza saa saba na kumalizika saa kumi na moja, kikaimeza Adhuhuri yote. Mwendee mhadhiri wiki ya kwanza ya muhula, kwa adabu, umwombe dakika kumi. Usingoje siku ya mtihani.

Wabillahi tawfiq.