Samaki wa Ziwa ni wa Nani?

Ziwa Tanganyika ni moja, lakini wenye kukaa kandokando yake ni watu wa nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mto Ruzizi waingia humo upande wa kaskazini. Mto Lukuga watoka humo karibu na Kalemie na kuyapeleka maji Lualaba. Mpaka wa nchi umechorwa katika ramani, haukuchorwa majini. Ndagala aliyezaliwa upande huu aweza kuvuliwa upande wa pili.

Basi, samaki ni wa nani? Wengine hujibu: Ni wa yule aliyemvua. Jibu hili lina kweli, kwa maana kila mtu ana haki ya kula matunda ya kazi yake. Lakini halitoshi. Avuaye kwa wavu wenye matundu madogo sana huchukua na samaki wachanga ambao hawajazaa bado. Na baadaye jirani yake atavuta wavu mtupu. Amekula jasho lake, amekula na chakula cha mwenziwe.

Kwa sababu hiyo nchi hizo nne zilifanya mapatano huko Dar es Salaam mwaka 2003, ili kulitunza ziwa pamoja. Baadaye zikaweka Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Na mwaka 2024, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa upande wa Kongo na upande wa Tanzania pia, ili samaki wapate kuzaa na kukua.

Hapa pana neno gumu. Mvuvi asiye na shamba auliza: Miezi mitatu watoto wangu watakula nini? Tena, mwenzangu wa ng'ambo akivua kwa siri, si nitakuwa mjinga?

Maulizo haya si ya mtu mbaya. La kwanza lawahusu wakubwa: wamwamuruo mtu kuacha kazi yake wana deni la kumwangalia wakati wa njaa. La pili lamhusu mvuvi mwenyewe. Akivua kwa siri kwa kumdhania mwenzake, naye mwenzake atafanya vivyo hivyo kwa kumdhania yeye. Na samaki watakwisha, ingawa hakuna aliyetaka waishe. Hana budi mmoja kuanza kuwa mwaminifu, hata kama kwanza atapata hasara.

Yafikiriwe nyumbani: Katika kijiji, ni nani aanze?