Je, Ngozi Nyeusi ni Doa?



Katika masoko yetu, huko Bukavu na Lubumbashi na hata vijijini, zinauzwa pomadi na sabuni za kuifanya ngozi iwe nyeupe. Wauzaji husema kwamba zaondoa madoa. Basi twaulizwa swali lipasalo kujibiwa vema: Katika Batizo twaoshwa na kuvikwa vazi jeupe, nayo dhambi yaitwa doa. Je, si halali kuutafuta weupe hata wa mwili?

Tulipime kwanza neno lenyewe. Doa ni kitu kilichoingia mahali pasipo pake, kama tope juu ya nguo au kutu juu ya jembe. Dhambi ni doa la roho, kwa maana haikutoka kwa Mungu. Mtu aliitaka kwa hiari yake. Lakini rangi ya ngozi hakuna aliyeichagua. Kila mmoja aliipokea kwa Mwumba wake tumboni mwa mama. Tena weusi huo una kazi yake: waukinga mwili na ukali wa jua. Vazi jeupe la Batizo ni ishara ya neema, na neema ni ile ile moja rohoni mwa Mwafrika na mwa Mzungu.

Je, kujipamba ni dhambi? Hapana. Kuoga, kupaka mafuta na kusuka nywele ni kuuheshimu mwili. Lakini nyingi za pomadi hizi zauharibu. Zenye zebaki hudhuru figo, na zebaki hiyo yaweza kumfikia mtoto angali tumboni. Zenye hidrokinoni, zikitumiwa muda mrefu, zaweza kuacha usoni mabaka meusi kuliko ngozi ya kwanza. Nyingine zina dawa kali zipasazo kutolewa na mganga wa hospitali. Zikipakwa kila siku, ngozi huwa nyembamba na kidonda hukawia kupona. Ndiyo sababu Afrika ya Kusini ilikataza hidrokinoni katika pomadi hizo mwaka 1990, na mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyofanywa Japani mwaka 2013, yakataza vipodozi vyenye zebaki. Amri ya tano yatuagiza kuutunza uhai, wetu na wa wenzetu.

Basi, ni nani mwenye kosa? Msiwe wepesi kumcheka dada aliyejichubua. Kabla hajauziwa pomadi, aliuziwa aibu. Ni nani waliomwuzia? Ni mzazi amsifuye mtoto mweupe mbele ya ndugu yake mweusi. Ni kijana asemaye kwamba hataoa msichana mweusi kama chungu. Ni mchuuzi ajuaye madhara, akanyamaza kwa ajili ya faida. Mchuuzi huvuna pale tulipopanda dharau sisi wenyewe. Shamba lisipopandwa, hatakuwa na mavuno.

Tufanye nini? Nyumbani tuache kuwapima watoto kwa rangi zao. Anayeuza vitu hivi aache, maana faida iletayo ugonjwa kwa jirani si faida halali. Dada aliyekwisha kudhurika tumpeleke zahanati, wala tusimtukane.

Nanyi mnaojitayarisha kwa Batizo, kumbukeni: Padri atawapaka mafuta ya wakatekumeni juu ya ngozi ile ile mliyopewa na Mungu. Haitaji nyingine.