Nyembe za Mizimu na Asili ya Mwanadamu

Swali la kama mtoto anaweza kufundishwa asili ya mwanadamu kwa ushahidi wa mawe na mifupa bila kupokonywa imani ya wazazi wake lina uzito wa pekee wilayani Karatu. Wengi wa watoto wa huko hulelewa katika familia za Kikatoliki na za Kilutheri, nao hukaa mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka Oldupai, korongo ambako Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus mwaka 1959, na kutoka Laetoli, ambako nyayo za viumbe waliotembea wima zimehifadhika katika majivu ya volkeno kwa miaka ipatayo milioni 3.6. Mtoto anayesikia kanisani kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mavumbi ya ardhi, na kisha darasani kwamba mavumbi hayo yana masalio ya viumbe wa namna hiyo, ana haki ya kuuliza ni nani kati ya walimu wake anayesema kweli.

Njia ya kulikabili swali hilo inaonekana katika historia ya kitabu kimoja cha watoto. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwandishi Mwingereza H. R. Hall alitoa Days Before History, kisa cha Tig, mvulana wa Uingereza ya Zama za Mawe, kilichosimulia akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza maisha ya kale kwa masalio yaliyofukiwa ardhini, kwa namna ambayo mtoto angeielewa. Nakala moja ilitumwa na binamu kuwa zawadi ya Krismasi kwa Louis Leakey, aliyezaliwa mwaka 1903 huko Kabete, Kenya, katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana, na ambaye baadaye angekuwa mume wa Mary. Kitabu kilieleza kwamba watu wa kale walitengeneza zana kwa gumegume. Mvulana huyo, ambaye hakulijua jiwe hilo, aliokota badala yake vipande vya obsidiani, yaani kioo cheusi kinachotokana na volkeno, na Arthur Loveridge, mhifadhi wa makumbusho ya Nairobi, alipovitazama alithibitisha kwamba baadhi yake vilikuwa zana halisi. Ubora wa kazi ya Hall unadhihirika hapo: habari yake kuhusu aina ya jiwe haikuifaa Kabete, lakini tabia aliyoifundisha, ya kutazama ardhi kwa makini na kuuliza kitu kilichookotwa kilitoka wapi, ilifaa kila mahali.

Mawe hayo, hata hivyo, tayari yalikuwa na maelezo yake. Majirani Wakikuyu waliyaita nyembe za mizimu, wakiamini kwamba yalishuka kutoka mbinguni wakati wa mvua, na imani hiyo haistahili dharau hata kidogo, kwa sababu mvua huosha udongo na kuyafichua mawe, hivi kwamba anayepita kondeni baada ya mvua huyaona mahali ambapo jana hayakuonekana. Waliona sawasawa, kilichotofautiana ni chanzo walichokitaja. Na akiolojia, ilipowaondoa mizimu, haikuliacha jiwe bila mwenyewe: ilimweka mahali pao binadamu aliyelichonga, naye kwa jamii inayowaheshimu wahenga ni mhenga wa mbali zaidi kuliko wote waliowahi kutajwa katika matambiko.

Karatu nayo ina hazina ya fikra za namna hii. Wairaqw wa kale walimtambua Looa, Mungu anayehusishwa na jua na anayefikiriwa kuwa mama, wakamtofautisha na roho wa ardhini wakaao kwenye chemchemi. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi husimulia kwamba kabla yao vilipita vizazi vya watu wa namna nyingine, na kwamba wa kwanza walikuwa wakubwa, wenye manyoya mwilini, wasiojua moto. Itakuwa kosa kuyageuza masimulizi hayo kuwa ushahidi wa sayansi, lakini yanaonyesha kwamba wazo la watu waliotangulia, wasiofanana kabisa na wa leo, si geni wilayani humo.

Louis Leakey mwenyewe, ambaye ujanani alikusudia kuwa mmisionari, alishikilia kwamba uvumbuzi wake haukupingana na Biblia. Kauli hiyo haimalizi shauri, kwa kuwa ugumu uliopo hautokani sana na umri wa dunia. Unatokana na fundisho kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, ambalo humlazimu mwamini kuuliza ni yupi kati ya wale wa Oldupai aliyekuwa mtu kwa maana hiyo. Mwaka 1959 Leakey alidhani Zinjanthropus ndiye aliyetengeneza zana za korongo hilo; mwaka 1964, yeye pamoja na Phillip Tobias na John Napier walitangaza spishi nyingine, Homo habilis, na sifa ya ufundi ikahamishiwa kwake. Sayansi ilijisahihisha kuhusu mkono uliolichonga jiwe, nayo yaweza kujisahihisha tena; kama mwenye mkono huo aliwahi kuuinua kuomba, jiwe halisemi, na mwalimu wa Karatu anayewaambia wanafunzi wake hivyo waziwazi hailaghai sayansi wala haisaliti imani yao.