HABARI YA KILINDINI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote.

Ndugu zangu Waislamu, Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Leo tuiangalie aya hiyo kwa mfano wa maji.

Katika maji ya bahari mna chuma, shaba, zinki na risasi, kwa uchache mno. Kwenye bahari kuu, gramu moja ya chuma huweza kutawanyika katika mamilioni ya lita. Tusiudharau uchache huo. Mimea midogo ya baharini, isiyoonekana kwa macho, haiishi bila chuma, na chakula cha samaki kinaanzia hapo.

Sasa sikilizeni. Kwa miaka mingi wataalamu walipima madini hayo wakapata hesabu kubwa kupita kiasi. Meli ilikuwa ya chuma, waya wa kushushia chupa ni wa chuma, kutu na vumbi vikaingia ndani. Walidhani wanapima bahari, kumbe wanapima meli yao! Clair Patterson wa Marekani alilionyesha jambo hilo kwa risasi, na John Martin, miaka ya 1980, akapima chuma kwa vyombo safi. Chupa zikaoshwa kwa asidi, mikono ikavikwa glavu, kamba ikawa isiyo ya madini. Sisi ambao vitabu vyetu vya fikihi vinaanza na mlango wa tahara, hatuoni ajabu.

Na hapa Goma tuna ziwa letu. Kivu ina kina cha karibu mita 485, na chini mna gesi iliyoyeyuka: kaboni dioksidi kiasi cha kilomita za ujazo 300, methani kiasi cha 60. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi, hayachanganyiki na ya juu. Ukiyapandisha ovyo yanatoa povu kama Fanta iliyofunguliwa, na gesi inakutoroka kabla hujaipima. Basi anayechota bidoni pale Kituku hawezi kushuhudia ya kilindini, hata kama amezaliwa ufukweni.

Nasema haya nikijishitaki mwenyewe. Nyiragongo ilipolipuka Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, nchi ikawa inatetemeka kila saa. Alhamisi tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, maana lava ilihofiwa kuwa chini ya mji na ziwa. Amri ile ilikuwa tahadhari, na kuitii ilikuwa sawa. Lakini mimi, siku mbili kabla, nilisoma ujumbe wa simu kwamba ziwa limekwisha kuanza kuchemka, nikauhubiri kibarazani. Jirani yangu aliondoka usiku ule ule kuelekea Sake, kambeba mama yake mgonjwa mgongoni. Ziwa halikuchemka. Mama alirudi, alhamdulillahi, lakini hali yake ilikuwa mbaya zaidi.

Nilimwendea kumwomba msamaha. Akaniuliza, "Shehe, huo ujumbe alikuletea nani?" Sikuwa na jibu. Hapa mjini tuna kituo cha kuchunguza volkano tangu 1986, na sikuwa nimemtuma hata kijana mmoja kwenda kuuliza.

Wabillahi taufiq.