Kutulizwa na Kupumbazwa

Tumeulizwa katika darsa letu, na muulizaji ni kijana wa hapa hapa Kwale anayejua kutengeneza programu za simu, suali ambalo siku ya kwanza tuliliona jepesi, kisha likatukalia vichwani siku zilizofuata. Amesema: Watu wa zamani zetu hizi wamejaa khofu. Je, nikitengeneza programu ambayo mtu akishikwa na wasiwasi usiku ataifungua, imsomee dhikri, imfundishe kuvuta pumzi polepole, na imwambie kuwa mambo ni shwari, nitakuwa nimefanya kheri, au nitakuwa nimewauzia watu hirizi mpya?

Neno hili la hirizi ndilo lililotuamsha. Maana sisi tumekuwa tukiwaambia ndugu zetu kuwa karatasi iliyoshonewa ndani ya ngozi na kufungwa mkononi mwa mtoto haimkingi na homa, na kuwa mama anayeitegemea huchelewa kumpeleka mtoto hospitali ya Msambweni mpaka maji yamemfika shingoni. Ubaya mmoja wa hirizi, mbali na ule wa itikadi, ni kuwa yatuliza. Yampa mama usingizi usiku ambao alipaswa kukesha. Basi ikiwa hilo ndilo kosa la hirizi, twawezaje kukisifu chombo kingine kwa kazi ile ile?

Walakini hatutaki kufanya haraka ya kulaani. Wako wenzetu wanaodhani kuwa kila kitokacho katika simu ni fitina, nasi hatuko pamoja nao, wala wao wenyewe hawako pamoja na maneno yao, maana fatwa hizo hutufikia kwa simu. Wako na wengine wanaomkaripia mwenye khofu na kumwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Hao nao hatukubaliani nao. Nabii Musa (A.S.) alikhofu, na Qur'ani yatueleza hivyo bila ya kumtoa katika daraja lake. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka akapoteza nuru ya macho. Khofu ni mlinzi aliyewekwa ndani ya mwanadamu na Muumba wake, na anayetaka kumwondoa mlinzi mlangoni ni lazima kwanza aulize mlinzi huyo ameona nini.

Na watu wa pwani hii ya kusini wameona mengi. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na askari wakauawa, na katika majuma yaliyofuata ndugu waliotoka bara walishambuliwa Likoni na kusini yake, wapatao mia moja wakafa, na maelfu kwa maelfu wakayahama majumba yao. Tena katika miaka ya 2012 mpaka 2016 vijana wakawa wanachukuliwa na hawarudi, na wengine wakiokotwa maiti, hata shirika la HAKI Africa likatoa kitabu mwaka 2016 cha kuorodhesha waliouawa na waliopotea katika pwani. Kisha ukaja mwezi wa Aprili 2020, Kwale na Mombasa na Kilifi zikafungiwa njia za kuingia na kutoka kwa ajili ya korona, na Ramadhani ile tukasali tarawehe majumbani, misikiti imefungwa, na kila mtu simu yake mkononi. Twayataja haya ili ijulikane kuwa wasiwasi wa watu wetu haukuzuka hewani.

Kwa hiyo jawabu letu la kwanza lilikuwa hili. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa miaka kumi iliyopita, na hata leo hakuonyeshwa kaburi wala seli, hana haja ya sauti nyororo ya kumwambia avute pumzi kwani mambo ni shwari. Mambo si shwari. Huyo ana haki ya kujibiwa mwanawe yuko wapi, na mwenye kumtuliza kabla ya kumjibu amemdhulumu mara ya pili, ijapokuwa amekusudia wema. Iko khofu ambayo hapana mwenye ruhusa ya kuiondoa isipokuwa kwa kumpa mtu haki yake.

Lakini si khofu zote ziko hivyo, na hapa hatuna budi kukiri jambo letu wenyewe. Katika kusi iliyopita, usiku baada ya Isha, iliingia katika simu za watu wa darsa picha ya mashua iliyopinduka, na chini yake maneno kuwa wavuvi wa kwetu wamezama. Picha haikuwa na tarehe wala jina la mahali. Mmoja wetu, naye ni mtu anayesomesha, aliipeleka kwa kundi jingine na akaongeza Inna lillahi. Hiyo Inna lillahi ndiyo iliyoifanya picha kuwa kweli, maana nani atadhani kuwa mwalimu amemsomea maiti asiyekuwapo? Mama mmoja upande wa Gazi, ambaye mwanawe alikuwa baharini usiku ule, aliipata saa tano akiwa peke yake chumbani. Alitoka na kanga moja, akakimbilia ufukweni, akaingia majini mpaka magotini akiliita jina la mwanawe. Watu wakampelekea maneno ya kumliwaza, mengine mazuri sana, na kila neno la kumliwaza likazidi kumthibitishia msiba.

Aliyemtuliza ni mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, ambaye hata kusoma ujumbe wa simu hajui. Alichukua tochi yake akaenda diko la wavuvi, akauliza ni mashua gani zilizotoka na ni nani waliomo, akaomba apigiwe simu nahodha, naye akamwambia kuwa wametia nanga nyuma ya mwamba wangojea upepo upungue. Mzee akarudi akamwambia: "Mwanangu, kijana wako yuko na wenziwe wote salama, nimesema na nahodha kwa kinywa changu, watarudi maji yakijaa." Hakumwambia atulie. Akatulia.

Sisi tuliona haya, kwa sababu mzee yule asiyesoma alikuwa ameifuata sunna ambayo sisi wasomaji tuliipita. Imepokewa katika vitabu sahihi vya Hadithi kuwa usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti, wakatoka kuielekea, wakakutana na Mtume wetu (S.A.W.) yuwarudi, naye amekwisha kutangulia peke yake juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga shingoni, akawaambia wasikhofu. Tazama mpango wa tendo lile. Kwanza alikwenda, akaona, ndipo akasema. Lau angaliwatuliza akiwa mlangoni mwake, wangalimsadiki vile vile, maana ni Mtume wa Mungu. Lakini hakufanya hivyo. Na aya ya sita ya Suratul Hujurat yatuamrisha kuipeleleza khabari kabla ya kuitenda, na aya ya 83 ya Suratun Nisaa yawalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, badala ya kulirudisha kwa wenye kulijua. Aya hii ya pili twaisoma kila mwaka katika khitma, na kidole kiko juu ya kitufe cha kusambaza.

Wazee wetu walikuwa na chombo chao cha nyakati za khofu, nacho ni mbiu. Watu huitaja katika methali, na wachache hufikiri jinsi ilivyotengenezwa. Mbiu ya mgambo ilisema neno moja tu, kwamba kuna jambo. Haikusema ni jambo gani. Aliyetaka kujua alilazimika kuvaa viatu, atoke, akusanyike na wenziwe, na hapo aisikie khabari kwa mtu ambaye uso wake anaujua na nyumba yake anaijua, na ambaye kesho atakuwa papo hapo ikiwa amesema uwongo. Mshtuko uliwafikia watu mbali mbali, lakini khabari iliwafikia wakiwa pamoja, bega kwa bega. Simu imekigeuza kitu hiki juu chini. Yatupa mshtuko na khabari kwa pigo moja, usiku, kila mtu kitandani kwake, kutoka kwa asiyejulikana. Hata kimya cha simu kimekuwa khabari: tangu mwaka 2014 WhatsApp ilipoweka zile alama mbili za buluu, mke hujua kuwa mumewe amesoma na hakujibu, na hapo moyo hujijibia wenyewe.

Wala hatusemi kuwa mshtuko ni mbaya. Tarehe 26 Disemba 2004, ilipotokea tsunami ya bahari ya Hindi, mawimbi yalichukua saa nyingi kufika kwetu, na kwa kuwa khabari za Asia zilitangulia, watu walitolewa fukweni, na aliyekufa Kenya ni mtu mmoja, hali jirani zetu wa Somalia walikufa mamia. Aliyepiga kelele Diani siku ile aliwatia watu khofu, na khofu ile ilikuwa rehema.

Kijana wetu akatuuliza: basi je, iko simu iliyopata kufanya kazi ya yule mzee? Tukamwambia iko, na si mbali. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma wa Tana Delta walipigana, na tarehe 22 Agosti katika kijiji cha Riketa wakauawa zaidi ya watu hamsini, wengi wao wanawake na watoto. Uvumi ulikuwa ukitangulia mbele ya mapanga: kwamba wale wamejikusanya, kwamba hawa wamenunua silaha. Baada ya hapo shirika la Sentinel Project la Kanada likaanzisha huko huduma iliyoitwa Una Hakika. Mtu akisikia uvumi hupeleka ujumbe. Watu wa huduma huuliza kwa wajumbe wao walio vijijini, kwa wazee na kwa wakuu wa mahali. Kisha hurudisha jawabu kuwa ni kweli, au si kweli, au haijajulikana bado. Na jambo lililotupendeza zaidi ni kuwa jawabu halikutawanywa ovyo, bali lilipelekwa kule ambako uvumi umefika, ili wasije wakawafundisha uwongo watu ambao hawakuwa wameusikia. Jina lenyewe ni suali. Halikumwambia mtu nyamaza, wala tulia. Limemuuliza kama ana hakika.

Wakubwa wa WhatsApp nao, baada ya watu kuuawa huko India kwa uvumi wa wezi wa watoto, walipunguza mwaka 2018 idadi ya mahali ambapo ujumbe waweza kusambazwa kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawa hauendi ila kwa mmoja mmoja. Wenyewe walisema kuwa kusambazwa kwa jumbe za namna hiyo kulipungua kwa asilimia 70. Twalisifu jambo hili kwa sababu halikumziba mtu kinywa, lilimchelewesha tu, na katika kuchelewa huko akili hupata nafasi ya kuvaa viatu. Ni kinyume cha yaliyofanywa hapa kwetu tarehe 30 Disemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni ati ili nchi itulie. Nchi haikutulia. Uvumi ulipata uwanja mtupu ukacheza peke yake, na mnamo Januari 2008 vijana wa Kikenya wakalazimika kutengeneza Ushahidi, ramani ya intaneti ya kuonyesha wapi pana vita na wapi pana moto, kwa khabari zilizopelekwa na raia wenyewe.

Tulimwonya kijana pia juu ya fedha. Programu nyingi za simu hupata faida kwa kukaa mtu ndani yake, na ikiwa chakula chako chatokana na wasiwasi wa mwenzio, nafsi yako haitapenda apone. Chombo kinachotuliza kwa kweli hukubali kuwekwa chini. Na khofu aliyokuambia mtu usiku wa manane ni amana, haiuzwi kwa mwenye kutangaza biashara wala haipelekwi kwa mwenye kumtafuta.

Ama dhikri, hatukumwambia aiondoe. Suratur Raad yatuambia kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mungu, nasi twaliamini hilo kuliko twavyoziamini pumzi zetu. Tulimwambia aiweke mahali pake, kama alivyofunga ngamia kwanza yule aliyeambiwa afunge kisha ategemee. Programu ianze kwa kuuliza: unakhofu nini? Ikiwa ni khabari, impeleke kwa mtu atakayekwenda kuuliza. Ikiwa ni wasiwasi usiokuwa na jina, unaorudi kila usiku na kumnyima mtu usingizi na chakula, imwambie wazi kuwa hayo ni maradhi na maradhi yana waganga wake hospitalini, na dhikri haikatazi dawa.

Kijana alikwenda akarudi baada ya majuma mawili. Programu ameitengeneza upya, na ukurasa wa kwanza una suali lile na namba ya simu. Akatuuliza, sasa namba hii ikilia saa nane za usiku, ni nani ataipokea? Tulinyamaza kidogo, maana hapo suali lilikuwa limetoka kwake na kutuhamia sisi. Mwisho tukagawana siku. Yule mzee wa Gazi amekubali khabari za baharini mpaka Funzi, mradi awepo mjukuu wa kumsomea. Bibi mmoja muuguzi wa Msambweni amechukua siku mbili, na mwalimu mstaafu wa Ukunda amechukua upande wa Diani na Tiwi. Yule mwenzetu wa Inna lillahi ameomba mwenyewe apewe Jumamosi na Jumapili. Vanga hatujapata mtu, na usiku wa kuamkia Ijumaa bado uko wazi.